Ming'oko ya Posa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne, simu ya Saada iliita juu ya mfuniko wa pipa la maji, nyuma ya nyumba yao, Nambambo. Alikuwa akiosha vyombo. Alifuta mikono kwenye kanga, akaliona jina la Luhende, akatabasamu kabla hajapokea.

"Umeamka na mimi kichwani?" aliuliza.

"Saada, mama anatetemeka."

"Anatetemeka vipi? Ana homa?"

"Si homa. Ametapika usiku kucha. Sasa mikono inaruka yenyewe, na mdomo umekuwa mzito, hawezi hata kutamka jina langu. Tumekodi gari, ndiyo tunaingia hospitali hapa Ruangwa. Mdogo wangu Hosiana naye anatapika, ila yeye ana nafuu."

"Mlikula nini?"

Upande wa pili ulisikika muungurumo wa gari, na sauti ya baba yake Luhende ikimhimiza dereva kwa Kisukuma.

"Ming'oko," Luhende alisema. "Mizizi ile niliyochimba porini jana."

"Ming'oko haimfanyi mtu hivyo. Labda maziwa."

"Maziwa tumekunywa wote. Ming'oko kala mama. Hosiana alionja tu akatema. Mimi nilisubiri mama asifu kwanza."

Saada aliiweka sahani chini.

"Luhende, mtambaa wake ulikuwaje? Mlaini?"

"Majani yamekauka yote huku, si unajua. Ulikuwa kamba tu, na miiba. Imenichoma kiganja chote."

Kuna mambo ambayo mtu wa Nambambo hakumbuki alifundishwa lini. Moto unaunguza. Kisima kina kina. Mtambaa wenye miiba na majani matatu matatu si ming'oko, ni ndiga, na ndiga hailiwi mpaka ikatwe vipande vyembamba, itiwe kwenye kikapu na kulazwa kwenye maji yanayotembea siku kadhaa, sumu iishe. Bibi zao waliila hivyo miaka ya njaa. Hakuna aliyewahi kumketisha Saada akamwambia. Alizaliwa akayakuta.

"Mwambie daktari ni ndiga," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwambie haikulowekwa. Sema hivyo hivyo."

"Ndiga ndiyo nini?"

"Luhende, mwambie. Nakuja."

Mama yake, Mwantumu, alikuwa ukumbini akichambua korosho kwenye jamvi. Bashiri, kaka yake Saada, alikuwa kiambazani na kikombe cha chai.

"Mama, Luhende kachimba ndiga."

Mkono wa Mwantumu ulibaki ndani ya lundo la korosho.

"Wameloweka?"

"Wamechemsha, wakala."

"Kala nani?"

"Mama yake."

"Ya Rabi," Mwantumu alisema, akainuka akiwa bado na korosho mkononi. "Bashiri! Weka hiyo chai, washa pikipiki."

Mwantumu huyu ndiye aliyeomba ming'oko.

Wazee wa Luhende walipokuja na posa, mwezi wa nane, kila mtu alidhani kikwazo kingekuwa dini. Luhende alikuwa ameshasema atasilimu. Wakadhani kingekuwa mahari, na Bundala, baba yake, akataja ng'ombe bila kuulizwa. Mwantumu, mjane, mwenye mashamba mawili ya mikorosho na ulimi usiokopesha, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi kijana simchukii," alisema. "Ana adabu, na anamtazama binti yangu kama mtu, si kama mtamba. Ninachokiogopa ni kingine. Nyie wenzetu wa ng'ombe mkiliona pori mnasema hapa patupu, tulishe. Lile pori si tupu. Ni ghala. Mwaka mvua ikituacha, watoto wangu wamekulia mle. Ng'ombe wenu wamekanyaga mle mpaka mitambaa haionekani."

"Sasa mama unataka nini?" Bundala aliuliza.

"Aniletee ming'oko aliyoichimba kwa mkono wake. Nijue kwamba anajua anapoishi."

Bundala alicheka kwa nia njema kabisa. "Mke kwa mizizi! Jamani, kwetu tunatoa ng'ombe."

"Ng'ombe mnao," Mwantumu alimjibu. "Ndiyo maana sikuwaomba."

Wazee wote walicheka siku hiyo. Penina, mama yake Luhende, mwanamke mrefu, mpole, asiye na Kiswahili kingi, ndiye aliyecheka kuliko wote. Wakati wa kuagana alimshika Mwantumu mikono miwili akasema, "Ataleta. Huyu wangu si mvivu."

Na Saada ndiye aliyemfundisha kuchimba.

Walikutana porini, upande wa barabara ya Ruangwa, Jumamosi mbili mfululizo. Alimwonyesha jinsi ya kufuata mtambaa mpaka unapoingia ardhini, na jinsi ya kuchokora udongo kando, si juu.

"Usikate kichwa," alimwambia. "Unatoa hivi virefu vya chini, kichwa unakiacha na mtambaa wake. Halafu udongo unaurudisha, unaukanyaga taratibu. Mwakani atakayekuja atakuta."

"Kama kukama na kumwachia ndama," Luhende alisema.

"Ndiyo. Kumbe una akili, nilidhani una fimbo tu."

"Fimbo ni ya ng'ombe. Kwako nimekuja mikono mitupu."

Alikuwa amepiga magoti, udongo mwekundu hadi viwikoni, na alimtazama kwa muda mrefu kuliko maneno yalivyohitaji. Saada ndiye aliyeangalia pembeni kwanza. Baadaye, walipokaa kula ile waliyochemsha kwenye kopo, alimwambia neno jingine, kwa mzaha.

"Na mbele ya mama yangu usije ukatema. Hata ukikuta uchungu, meza. Ukitema umekwisha."

Mitambaa yote aliyomwonyesha ilikuwa mizuri, kwa sababu aliichagua mwenyewe. Yenye miiba ilikuwepo, pori lile linayo. Saada aliipita bila kuiona, kama mtu anavyopita jiwe.

Jana yake jioni Luhende alikuwa amempigia akihema kwa furaha. Amechimba peke yake, upande wa kwao, Mbwemkuru. Amepata minene.

"Minene?" Saada alicheka. "Basi pori limekupenda."

"Namwonjesha mama kwanza. Nisije nikamletea mama yako mibaya, akanifukuza."

"Muonjeshe. Wa kwako akisifu, wa kwangu hana pa kutokea."

Ndivyo alivyosema. Aliyakumbuka maneno hayo neno kwa neno akiwa nyuma ya pikipiki, mshikaki, Bashiri mbele, mama yake katikati, vumbi la barabara likiwaingia puani. Walipita Nachingwea mjini bila kusimama. Walipofika kwenye mteremko mmoja Mwantumu aligeuza kichwa.

"Hukumwonyesha ndiga?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wewe ulinionyesha lini, mama?"

Mwantumu alirudisha uso mbele.

Luhende alikuwa amesimama nje ya wodi, ameegemea nguzo. Shati lake lilikuwa na matapishi yaliyokauka. Alipomwona Saada alipiga hatua moja mbele, akasimama, maana baba yake alikuwa kwenye benchi akitazama.

"Shikamoo baba," Saada alisema.

Bundala alichelewa. "Marahaba," alisema hatimaye, akitazama viatu vyake.

"Anaendeleaje?" Mwantumu aliuliza.

"Amewekewa hewa," Luhende alijibu. "Daktari anasema sumu hii haina dawa ya kuifuta. Wanamsaidia kupumua na wanazuia degedege, basi. Hosiana yupo wodi ya watoto, ana dripu. Yeye atapona, wamesema."

Muuguzi mmoja, Agatha, mwenyeji wa huko huko, alitoka na beseni. Aliwatazama Mwantumu na binti yake, akaelewa haraka ni akina nani.

"Ninyi ndio mlioagiza tuambiwe ni ndiga? Mmesaidia, tungepoteza muda kutafuta." Kisha akauliza swali ambalo mtu wa huko hawezi kulizuia. "Lakini jamani, kweli inachimbwa ndiga, inapikwa, hakuna hata mmoja wa kusema?"

"Hapakuwa na mwenyeji," Luhende alisema.

Agatha akaenda na beseni lake.

Mwantumu alikwenda kuketi mwisho wa benchi la Bundala, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Saada alibaki na Luhende kwenye nguzo. Walisimama karibu, lakini hawakugusana.

"Mama aliniambia ni michungu," Luhende alianza, kwa sauti ya chini. "Tonge la kwanza tu. Nikamwambia mama, ndivyo ilivyo, wenyewe hawatemi. Akacheka. Akasema chakula cha wakwe hakitemwi. Baba alikataa, alisema yeye hali mizizi. Mama akamwambia, wewe baki na ubishi wako, mimi najifunza chakula cha wajukuu wangu. Akamaliza bakuli, Saada. Hakuipenda hata kidogo. Nilimwona. Alimaliza tu."

"Luhende..."

"Kichwa nilikiacha. Na shimo nililifukia, nikalikanyaga taratibu. Kila ulichoniambia nilifanya."

Saada hakulia. Aliona kwamba akilia itabidi abembelezwe, na mtu pekee ambaye angembembeleza ndiye aliyekuwa na haki ya kulia.

"Ungeniambia ina miiba," alisema, na papo hapo akatamani angenyamaza.

Luhende alimgeukia. "Ningejuaje kwamba miiba ni neno la kusema? Huku kila kitu kina miiba. Wewe ungeniuliza. Nilikwambia ni minene. Uliwahi kuona ming'oko minene?"

"Hapana."

"Ukacheka."

"Nilicheka kwa kuwa ulikuwa na furaha."

"Najua," alisema, akafumba macho. "Najua, Saada. Hilo ndilo baya lenyewe."

Kabla ya saa nne Agatha alitoka tena. Safari hii hakuwa na beseni. Alimwita Bundala peke yake, akimwita baba, kwa upole. Bundala aliingia wima. Mlango ulifungwa. Bashiri, aliyekuwa uani na pikipiki yake, alivua kofia. Kisha mle ndani ikasikika sauti ya mwanamume mtu mzima, mara moja tu, kama ya mtu aliyeangukiwa na mzigo mguuni.

Luhende aliingia mbio. Saada alimfuata mpaka mlangoni, akaishia hapo.

Walipotoka, Bundala alikuwa wa kwanza. Alimwendea Mwantumu, ambaye alikuwa ameshasimama na amevua kanga yake ya juu.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun," Mwantumu alisema. "Pole, baba. Pole sana. Chukua hii asitiriwe."

"Ahsante. Tunayo shuka yetu."

Mwantumu aliikunja kanga taratibu. "Mimi ndiye niliyeomba ming'oko. Kama kuna wa kulaumiwa, usizunguke. Ni mimi."

"Mama, wewe uliomba. Kuomba si kosa. Hata mimi niliomba binti." Alimgeukia Saada. Hakupaza sauti. "Huu mtambaa wa miiba wewe unaujua?"

"Naujua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mdogo."

"Na mlipokuwa porini na mwanangu, mtambaa huo ulikuwepo?"

Saada angeweza kusema hapana. "Nadhani ulikuwepo. Sikuutazama."

"Hukuutazama." Bundala alilirudia neno hilo kama mtu anayepima uzito wake. "Sisi mgeni akija malishoni, jambo la kwanza tunamwonyesha fahali mkali. Huyu anapiga, kaa mbali. Maziwa baadaye. Wewe, binti yangu, ulimwonyesha maziwa."

"Baba, inatosha," Luhende alisema.

"Sijamtukana."

"Najua hujamtukana. Inatosha."

Ilikuwa mara ya kwanza Saada kusikia Luhende akimkatiza baba yake, na kwa nukta moja moyo wake, bila aibu, ulishika tumaini. Luhende alipojitenga, Saada alimfuata hadi kwenye ukuta wa tangi la maji, ambako hakuna aliyewasikia.

"Nitafanya lolote utakaloniambia," alimwambia. "Ukisema nije kwenu nilie na wenzangu, nitakuja. Ukisema nisubiri mwaka, nitasubiri."

Luhende aliutazama uso wake wote, polepole, paji, macho, kidevu, kama anayeagizwa kuukumbuka.

"Nikikuoa utanipikia," alisema.

"Nitakupikia."

"Na mimi nitakula, maana nakujua, najua hukutaka. Lakini kila tonge nitalitazama kwanza. Sitaki, ila nitalitazama. Na wewe utaniona nikilitazama."

"Nitatangulia kula mimi. Kila siku, mbele yako."

"Mke anayemwonjea mumewe kama mtu wa kupima sumu? Na baba yangu ameketi pale pale?" Alitikisa kichwa. "Ndoa ni kula mkononi mwa mtu bila kufikiri, Saada. Mama alikula hivyo. Mkononi mwangu. Mimi ndiye nilimpa, wala si wewe. Hata nikila mkononi mwangu mwenyewe sasa, sijui."

"Unaniacha."

"Ndiyo."

Alisema bila kupepesa, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola. Saada alinyoosha mkono akaufuta upande mmoja wa uso wake kwa kiganja. Luhende aliuacha ufutwe. Kisha akaushika ule mkono, akaushusha, akauachia.

"Mazishi lini?" Saada aliuliza.

"Kesho, Mbwemkuru. Usije."

"Msibani hakatazwi mtu, Luhende."

"Sikukatazi. Nakuomba."

Gari la kubeba mwili lilikuwa pikapu ya kukodi. Wanaume wa ukoo wawili waliofika kwa pikipiki walisaidia kuubeba. Hapo ndipo Agatha alipotoka kuuliza jambo ambalo katika msiba hakuna aliyekuwa amelifikiria: mtoto anabaki na nani? Wodi ya watoto haikai mwanamume, na Hosiana bado anahitaji kulishwa na kusafishwa.

"Dada yangu Valeria yuko njiani," Bundala alisema. "Atafika mchana."

"Na sasa hivi?"

"Nitakaa naye mimi," Saada alisema.

Bundala alimtazama mwanawe. Luhende alikuwa tayari amepanda nyuma ya pikapu, ameketi kwenye bodi, amekipakata kichwa cha mama yake kilichofunikwa shuka ili kisigonge kwenye makorongo. Hakuinua uso.

"Mtoto hana kosa, baba," Mwantumu alisema. "Na mimi nipo hapa hapa nje. Dada yako akifika tunaondoka."

"Mpaka Valeria afike," Bundala alisema, akapanda mbele, akafunga mlango. Gari likageuza uani, likatoka getini, likashika barabara ya Mbwemkuru. Saada alilitazama mpaka likafichwa na majengo ya soko. Luhende hakugeuka.

Hosiana alikuwa na miaka tisa, na alikuwa macho. Mara mbili Saada aliwahi kumsuka nywele, na mara zote mbili mtoto alilala mapajani kwake kabla hajamaliza. Sasa alikuwa amelala chali, mkono wenye dripu umenyooshwa.

"Mama yuko wapi?"

"Shangazi Valeria anakuja," Saada alisema. "Atakuambia."

Mtoto alitulia. Kwa jinsi alivyotulia, Saada alijua kwamba jibu hilo limekwishamwambia.

Agatha alileta uji wa ulezi kwenye kikombe cha plastiki, na kijiko. "Kidogo kidogo. Akitapika, niite."

Saada aliupuliza uji. Akajaza kijiko, akakisogeza.

"Nani kapika?" Hosiana aliuliza.

"Wamepika jikoni kwa hospitali."

"Si wewe?"

"Si mimi."

"Onja."

Saada alionja.

"Meza."

Alimeza, akafungua kinywa kumwonyesha. Hosiana alimtazama kinywani kwa makini, bila chuki. Kisha Saada akajaza kijiko tena, akakileta mpaka kwenye midomo yake. Mtoto aliifunga midomo, akageuza uso ukutani.

"Kidogo tu, mdogo wangu. Unahitaji nguvu."

Hosiana hakugeuka. Saada alikaa na kikombe mkononi. Alijaribu mara nyingine, na nyingine. Uji ulipoa, ukafanya ngozi juu.

Valeria alifika baada ya adhana ya adhuhuri, vumbi mpaka kwenye nyusi, kitenge kimefungwa kiunoni kwa msiba. Hakumsalimia Saada wala hakumfukuza. Alikichukua kile kikombe mkononi mwake, akakoroga ngozi ya uji kwa kijiko, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Hosiana aligeuka. Akanywa wote.